Pikipiki Isiyowaka Siku ya Mnada

Mteja mbaya kuliko wote ni shemeji. Mteja mwingine akikuchosha unamwambia aende kwa fundi mwingine, na akinuna atajijua. Shemeji humwambii hivyo. Wa kwangu alimuoa dada yangu mkubwa, na ng'ombe aliowaleta nyumbani kwa ajili yake ndio waliokwenda kwa wakwe zangu mimi nilipooa. Kwa hiyo alipokuja kibandani kwangu Igoma akisukuma ile pikipiki yake ya zamani, mvua ya matusi ikimtoka, niliweka chini kazi ya watu wengine na kumpokea. Dada alikuwa nyuma, anasukuma pia.

Shemeji alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Kila wiki alikwenda mnadani upande wa Magu. Siku nyingine zote pikipiki iliwaka kwa kiki moja, lakini siku ya mnada ilikuwa haiwaki.

"Labda imechoka kunusa mbuzi," nilimtania.

Hakucheka. Aliipiga teke taa ya mbele, kioo kikamwagika chini, kisha akamgeukia dada. "Nilikwambia uiingize ndani mapema! Nilikwambia umande!" Akamzaba kofi mbele ya wateja wangu, akaenda kukaa kwa mama muuza chapati ng'ambo ya barabara na kuagiza chai. Nilisimama na spana mkononi. Dada alinitazama, akatikisa kichwa. Nikakaa. Hadi leo sijui niliwezaje kukaa.

Pikipiki isiyowaka unaiuliza maswali mawili tu: mafuta yanafika, na moto unafika? Mafuta yalifika. Nilifungua plagi, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikapiga kiki. Hakuna cheche. Nikaweka plagi mpya, kimya. Koili ilikuwa nzima. Nikaivuta swichi ya ufunguo, nikaunganisha waya zake moja kwa moja, bado kimya. Hapo unajua kuna mahali umeme unapotea njiani, na kazi inayobaki ni kuufuata kwa vidole. Niliinua tangi. Chini yake unapita waya mweusi wenye mstari mweupe, ule unaokwenda kwenye kitufe cha kuzimia injini. Waya huo ukigusa chuma popote, moto wa plagi unakufa. Niliupapasa taratibu kuanzia kwenye usukani, nikachomwa kidole.

Ilikuwa sindano ya kushonea. Ilikuwa imechomekwa katikati ya waya, ncha yake imeegemea fremu.

Nilidhani nimeona vibaya. Niliinua macho, nikamkuta dada anaangalia mikono yangu. Nikakumbuka kwamba safari moja ya nyuma nilimweleza shemeji habari za waya ule, nikamwonyesha kwa kidole unapopita, na aliyetushikia tochi alikuwa dada. Mwanamume hakusikiliza hata neno moja. Mwanamke alisikiliza yote.

Nikaichomoa sindano na kuitia mfukoni. Nikapiga kiki, injini ikanguruma. Shemeji alipovuka barabara nikamwambia koili ilikuwa imepata unyevu.

Nilikwenda kwao baadaye, shemeji akiwa hayupo. Dada alikuwa anachambua mchele uani. Niliongea kwa ukali, maana nilikuwa nimeogopa.

"Unataka akuue? Angeiona yeye je?"

"Haoni huyo. Huwa naichomoa akishakata tamaa. Siku ile aliisukuma pikipiki kuja kwako kabla sijaifikia sindano."

"Na kwa nini siku ya mnada?"

Aliendelea kuchambua mchele. "Isipowaka, ananipiga asubuhi. Makofi, labda na teke. Halafu analala, au anakaa na watoto, na jioni tunakula wote. Ikiwaka, anakwenda mnadani, anakunywa, anarudi usiku. Ya usiku anafunga mlango kwanza, mdogo wangu. Ya usiku ni mkanda, ni mguu wa kiti, ni chochote. Nimechagua ya asubuhi."

Nilimwambia afunge mizigo, twende nyumbani, tukazungumze na baba. Akaniuliza watoto wake ataondoka nao kwa njia gani, wakati ng'ombe walishatoka na watoto ni wa ukoo ule. Niliongea mengi ya hasira ambayo hayakuwa jibu. Akaniacha nimalize.

"Wewe ni fundi," akasema. "Nitafutie kitu kizuri kuliko sindano."

Watu wa mjini huwekewa swichi ya siri kwenye pikipiki kwa ajili ya wezi. Nilimwekea dada. Shemeji aliileta kubadilisha oili, nami nikafunga kiswichi kidogo nyuma ya kava la pembeni, mahali ambapo mkono mwembamba unapita bila kufungua kitu. Ukikibonyeza, waya ule mweusi unaungana na fremu na moto unakufa. Ukikibonyeza tena, unarudi. Nilililehemu vizuri lile ungio, kuliko ungio lolote nililowahi kulilehemu kwenye pikipiki ya mtu anayelipa.

Ilifanya kazi kwa muda mrefu. Siku za mnada shemeji alipiga kiki mpaka goti likavimba, akatukana, akazaba makofi yake, akalala. Wakati mwingine alikuja kwangu, nikajifanya kupima hiki na kile. Nilianza hata kuringa moyoni, mjinga mimi, kana kwamba kumpunguzia dada kipigo ni sawa na kumwondolea.

Kisha shemeji akanichoka. Akaipeleka pikipiki kwa fundi wa Buzuruga, kijana mwenye macho, na huyo akafungua kava la pembeni.

Shemeji alinijia saa za mchana, kibanda kimejaa. Pikipiki tatu zilikuwa zimefunguliwa chini, na bodaboda wa kijiwe cha jirani wamekaa kivulini wakibishana mpira. Shemeji alinyoosha kiganja. Swichi yangu ilikuwa juu yake, na nyaya zake zimekatwa.

"Hii nini?"

"Swichi."

"Naona ni swichi. Ilikuwa inafanya nini kwenye pikipiki yangu?"

Bodaboda wakaacha mpira. Nikaanza kufuta spana iliyokuwa safi.

"Maana hii pikipiki inalala ndani kwangu," akasema polepole. "Ndani. Hakuna anayeisogelea isipokuwa mimi na..."

Nililiona wazo linakuja. Nililiona usoni mwake kabisa, likipanda. Lingefika pale juu, dada yangu asingeiona asubuhi, ya kofi wala ya nini.

"Niliiweka mimi," nikasema kwa sauti, ili wote wasikie. "Ikipoa usiku inajishika yenyewe. Niliiweka ili iharibike urudi kwangu. Natafuta riziki, shemeji."

Hakuna fundi wa umeme anayeweza kuuamini uongo ule. Swichi haijishiki kwa baridi. Lakini mwenye pikipiki mbovu yuko tayari siku zote kuamini kwamba fundi wake ni mwizi, na wale vijana wa kijiwe waliamini kabla sijafunga mdomo. Kila mmoja alikuwa na siku yake niliyomtengenezea ikaharibika tena. Nikawasikia wakizitaja, huyu fyuzi, huyu koili, huyu betri.

Shemeji ndiye aliyeanza. Hakuwa na haraka. Alinishika kola kwa mkono wa kushoto, akakiweka kidole gumba chini ya kidevu changu, akaniinua uso mpaka ukakaa alivyotaka, ndipo akapiga. Mtu mwenye hasira hurusha mikono ovyo. Yeye alikuwa anafanya kazi anayoijua.

Baada ya hapo wakaja wengine. Helmeti ilinishukia sikioni, nikaanguka juu ya injini iliyofunguliwa, bolti zikanichana mgongo. Mtu alinipiga mateke ya mbavu, akaenda pembeni kupumua, akarudi. Mwingine alibeba dumu la oili chafu akanimwagia kichwani, ikaingia machoni na mdomoni. Nilisikia meza yangu inapinduliwa na vioo vya taa vinapasuka. "Mwizi huyu! Katumaliza huyu!" Nilitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, mimi ni fundi mwaminifu, waulizeni watu. Nililitaka neno hilo kuliko maji. Nikalimeza pamoja na oili.

Kilichowaachisha hakikuwa huruma. Mama muuza chapati alivuka barabara na kikaango chake mikononi, mafuta yanachemka. "Nani anataka kuoga?" akauliza. "Nasema nani?" Walirudi nyuma. Shemeji aliokota swichi, akanitupia kifuani, akaondoka na pikipiki yake. Iliwaka kwa kiki moja.

Dada alikuja kesho yake, ameambiwa na mumewe mwenyewe, kwa fahari, jinsi alivyomwadhibu fundi mwizi. Mke wangu alimpisha chumbani. Nilikuwa nimelala chali, jicho moja limefunga. Hakulia. Alifunga mlango, akauliza swali moja tu.

"Alijua?"

Nikatikisa kichwa.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Halafu akaanza kunikagua. Aligusa chini ya kidevu, pale palipokuwa na alama ya gumba.

"Alikushika hapa kwanza," akasema. Hakuwa anauliza.

Alichovya kitambaa kwenye maji ya chumvi, akakikamua, akakilaza mahali panapotakiwa bila kuulizia panauma wapi. Alinifunga mbavu kwa kanga, wala haikubana wala haikulegea. Aliniambia kesho itauma kuliko leo, nisishtuke. Nikitaka kukohoa nikumbatie mto kwanza. Sikio niliache, nisilitie dawa ya matone, litafunguka lenyewe. Damu nikiiona kwenye mkojo siku ya kwanza nisiogope, nikiiona tena niende hospitali. Nilimsikiliza na nikaona aibu hata kumtazama, maana hakuna mahali mtu anasomea mambo yale.

Kisha akasimama, akafunga kitenge chake upya.

"Unakwenda wapi?"

"Kesho ni mnada. Anataka shati lake lipigwe pasi." Akavaa ndala. "Sasa inawaka vizuri."

Nilijirusha kuinuka nimzuie, maumivu yakanirudisha chini na kilio juu yake. Alirudi kutoka mlangoni, akaniwekea kiganja begani.

"Usiinuke kwa mgongo," akasema. "Geuka kwanza kwa ubavu mzima. Shusha miguu. Halafu jisukume kwa mkono. Mimi huamka hivyo."

Alipotoka nilifanya kama alivyosema, hatua kwa hatua, na kweli haikuuma sana.