Nilivyompeleka Papa Kuona Ziwa

Daktari wa macho pale Lilongwe alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alizima kitochi chake, akasogeza kiti karibu na papa, baba yangu, akasema polepole kwa Kichewa, kisha akanitazama mimi nitafsiri. Presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwisha. La kulia limebaki kama dirisha dogo, nalo linajifunga. Dawa itachelewesha, haitarudisha. Papa akaitikia, "Zikomo, bambo," akishukuru kama mtu aliyepewa zawadi, akapapasa fimbo yake.

Tulirudi kupitia Kawale, mahali nilipokuwa na meza ya nguo za mitumba kabla ya amri ya kuturudisha wakimbizi wote kambini. Enzi hizo papa alishinda nyuma ya meza ile akipiga soga na wateja wangu wakimbizi wenzetu. Siku hiyo hata hakuniuliza tumefika wapi. Tulipokuwa ndani ya minibasi ya kurudi Dzaleka, kambi yetu, akaniambia:

"Mi nataka kuona maji makubwa kabla haya macho hayajazima."

Papa alikuwa mvuvi. Alizaliwa Rumonge, kwenye ufuko wa Tanganyika upande wa Burundi, na mpaka siku tuliyokimbia hakuwahi kuishi mahali asiposikia ziwa. Dzaleka maji ni ya bomba, na foleni ya ndoo. Tumeishi hapo miaka mingi, na katika miaka hiyo sikumsikia akiomba kitu chochote.

"Salima pana ziwa, na ni karibu," nikamwambia. "Asubuhi tunatoka, jioni tumerudi."

"Salima sina mutu."

Alimtaka rafiki yake wa mtumbwi mmoja, mtu waliyevua pamoja tangu ujana. Huyo alikimbilia kaskazini kabisa mwa Malawi, kwenye mji mdogo wa wavuvi usio mbali na mpaka wa Tanzania, akaoa huko. Simu yake haikuwa ikipatikana tena.

"Hata simu ikikufa, yeye iko kule," papa akasema. "Mvuvi atahama aende wapi?"

Nilihangaika karibu mwezi kupata kibali cha kutoka kambini. Tukapewa siku saba. Watoto niliwaacha kwa jirani, mama mmoja wa Kinyarwanda ninayesali naye. Papa alibeba mwenyewe valizi yake, sanduku la safari, na hakutaka niiguse. Nikadhani ni kiburi cha uzee, nikamwachia.

Basi lilitoka Lilongwe, likapita Madisi, likaendelea na mashamba ya tumbaku mpaka nikachoka kuyatazama. Tulilala Mzuzu kwenye nyumba ya kanisa, kesho yake tukapanda basi jingine. Barabara ilipoanza kushuka mlima, ziwa likatokea chini yetu upande wa kulia.

"Papa, geuza shingo huku."

Akageuza, akaliweka lile jicho lake lililobaki kwenye kioo. Alitazama mpaka shingo ikachoka, akaishika kwa mkono ili isirudi.

"Iko bluu," akasema.

Ule mji ulikuwa barabara moja na vichanja vya kuanikia usipa, safu kwa safu, mpaka majini. Usipa ni dagaa wa ziwa lile. Sisi kwetu tunao wa kwetu, tunawaita ndagala. Papa akaomba mmoja, akatafuna, akatikisa kichwa. "Ni mutamu. Lakini si ndagala." Kilichomfurahisha ni lugha. Watu wa kule wanafanya biashara na Watanzania, Kiswahili kimejaa sokoni. Mwanamke mmoja akamwambia, "Shikamoo, mzee, karibu," na papa akasimama katikati ya barabara akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu nyumbani. Tangu tuingie Malawi hakuwa amesalimiwa na mwenyeji kwa lugha anayoijua.

Tukaanza kumuulizia rafiki yake, Mrundi mwenye gumba lililokatwa na kamba. Walimjua wote. Lakini kila tuliyemuuliza alimtazama mwenzake kwanza, ndipo akatuonyesha njia.

Mke wake alikuwa anageuza dagaa juani. Aliona fimbo, akaona macho ya papa, akajua sisi ni nani. Akamkalisha papa kwenye mkeka, akampa chai, kisha akaniomba nimsaidie kuleta maji. Nyuma ya nyumba akaweka ndoo chini.

"Dada, mume wangu hayupo. Alifariki mvua zilipoanza."

Nikamwambia pole. Akanishika mkono kuonyesha kwamba hajamaliza.

"Kabla ya hapo alivuka, akapita Tanzania, akafika kwao kabisa. Alikuta ziwa limepanda. Mtaa wao wote umo majini, nyumba yake na nyumba ya huyu mzee. Aliniambia alipiga kasia juu ya mahali walipokuwa wakitengenezea nyavu. Watu wanakaa kwenye mahema. Aliporudi hapa hakuingia tena kwenye mtumbwi. Anakaa tu. Halafu homa ikamkuta hivyo hivyo." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Alisema, mwenzangu akija, mwambieni nimekufa. Hayo mengine msimwambie."

Tulirudi mbele, akamwambia papa habari ya kifo tu. Papa akavua kofia. Akataka kupelekwa kaburini, tukampeleka, lilikuwa kando ya shamba la mihogo. Akasali kwa Kirundi, akaokota jiwe, akaliweka pamoja na mengine. Niliona maumivu yake, lakini nilifikiri safari imeisha hapo.

Asubuhi iliyofuata akaomba kwenda ufukoni. Wavuvi walikuwa wamerudi, wanakung'uta nyavu. Mmoja akamwachia papa ashike, na vidole vyake vikaenda jicho kwa jicho la wavu mpaka vikakuta fundo baya. Akalifungua, akalifunga upya. Wale wanaume wakacheka kwa furaha. Mmoja akasema, "Huyu mzee ni fundi." Papa akacheka nao. Halafu akaja akakalia valizi yake, akaniuliza:

"Gari ya kwenda mpakani inatoka saa ngapi?"

"Ya nini, Papa?"

Akasimama, akafungua valizi. Ndani mlikuwa na kosti yake, suti aliyoolea, Biblia, na karatasi ya kiwanja chetu cha Rumonge ndani ya plastiki. Hakuna shati la kubadili, wala dawa ya macho.

"Mi sirudi Dzaleka. Rafiki yangu ndo angenivusha. Sasa nitavuka mwenyewe. We rudi kwa batoto."

Nilimwambia habari ya askari wa mpakani, akasema askari hawana kazi na kipofu. Nilimwambia hana hati, akasema Tanzania amepita mara ngapi bila hati. Nilimwambia atakufa njiani.

"Nikufe nikielekea kule."

Alikuwa ameanza kufunga valizi. Wale wavuvi walikuwa wameacha nyavu, wanatusikiliza. Niliona kweli angekwenda, akishika bega la mtu yeyote, na nikasema.

"Papa, nyumba haipo. Ziwa limepanda. Rafiki yako alifika akaona. Mtaa wote uko ndani ya maji."

Mikono yake ikatulia juu ya valizi. Akauliza:

"Maji yamefika mpaka kwa mama yako?"

Mama tulimzika nyuma ya nyumba, upande wa chini, kwenye mteremko wa kwenda ziwani.

"Sijui, Papa."

"Iko chini ya nyumba," akasema. "Ni kusema na yeye iko ndani."

Akaketi mchangani.

"Nani alikuambia?"

"Mjane."

"Na rafiki yangu alisema baniambie?"

"Hapana. Alikataza."

"Sasa we kwa nini umeniambia?"

Nilikuwa na jibu, kwamba sikuwa na kitu kingine cha kumzuia. Sikulitoa. Hata leo sijalitoa.

Tulirudi siku ya nne, kibali kikiwa bado na siku tatu. Kwenye vizuizi vya barabarani polisi walisoma karatasi yetu, wakamtakia mzee safari njema. Kule ambako ziwa linaonekana kutoka juu, nilimgusa bega, yeye akaendelea kuelekeza uso wake mbele.

Nyumbani alikataa dawa ya macho. "Ya nini?" akaniuliza, si kwa hasira. Jicho la kulia lilijifunga kabla ya mahindi kukomaa. Wajukuu walikuwa wamezoea kumwomba hadithi za mukeke, samaki wa Tanganyika, na mawimbi ya kwetu; siku hizi anawaambia wamuulize mama yao, na mimi nilitoka kule bado msichana, sijui hata nusu. Anakula nsima yake, ugali wa huku, anashukuru, analala.

Mwezi uliopita maafisa wa kambi walipita na kipaza sauti kuandikisha wanaotaka kurudi Burundi kwa hiari yao. Majirani kadhaa walipanga foleni, wakaanza kuuza masufuria. Nikaingia ndani, nikamuuliza papa anasemaje.

"Kurudi wapi?" akasema.

Alikuwa anauliza kweli. Alisubiri nimjibu, uso ameuelekeza mahali niliposimama. Nikatoka nje kuchambua maharage, foleni ikiendelea kusogea mbele ya mlango wetu.