Nilivyokata tikiti ya mwanachuo kwenye boti ya Lamu, kidogo niumbuke mbele ya abiria wote

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Kabla sijaanza, wale wa "mkuu hii chai" nawaomba mkae pembeni kidogo. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiyakumbuka nacheka halafu nashika kifua.

Mimi ni Mtanzania, kijana wa Mbeya. Nasoma Kenya, chuo kikuu kimoja huko pwani, mambo ya uvuvi na viumbe vya bahari. Najua mtauliza mtu wa Mbeya na bahari wapi na wapi. Hata mama yangu aliuliza hivyo hivyo.

Sasa wenzangu mnaosoma nje mnajua adha ya kadi yetu. Imeandikwa INTERNATIONAL STUDENT kwa herufi kubwa, kama vile wanakutangaza. Ukienda kukata tikiti ya basi ukauliza kuhusu punguzo la wanafunzi, wanaitazama kadi, wanakutazama na wewe, halafu unaambiwa hilo ni la wanafunzi wa hapa. Ukipanda boti ndogo za mjini Lamu nako unapigwa bei ya mtalii. Mimi mtalii na ndala zangu hizi!

Yaani kote mimi ni mgeni wa kulipa, sio mgeni wa kukaribishwa.

Basi nikapangiwa field Kizingitini, kisiwa cha Pate. Kazi yangu ilikuwa kupima kamba mawe wanaoletwa na wavuvi. Unampima urefu, unamweka kwenye mzani, unaandika, unamrudisha kwa mwenyewe kabla hajakasirika. Na kila wiki nilitakiwa kupeleka sampuli, vipande vidogo vya miguu yao, Lamu mjini, kwenye friji ya ofisi moja, maana Kizingitini sikuwa na pa kuzihifadhi.

Hapo ndipo palikuwa na shida. Nauli ya kwenda na kurudi kila wiki ilikuwa inanimaliza. Nilishapiga hesabu nikaona kabisa kwamba kwa mwendo ule nitakwama katikati. Na nikikwama, hakuna sampuli. Bila sampuli hakuna ripoti, na bila ripoti narudi Mbeya mikono mitupu kumweleza mama habari za kamba.

Shikeni hilo vizuri, kwa sababu ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi.

Asubuhi moja nikachukua bodaboda mpaka Mtangawanda, kwenye gati ambako boti za abiria zinafunga. Boti niliyokuwa napanda siku zote ilikuwa imejaa, nikaelekezwa boti nyingine. Mkatisha tikiti wake alikuwa mzee mmoja anaitwa Bwana Athumani, kakaa kwenye kiti cha plastiki, mpole, anaongea taratibu.

Akaniuliza, "Watoka nti gani, mwanangu?"

Wa huku nchi wanaiita nti, na njia wanaiita ndia. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Nikamwambia Tanzania.

"Na hapa wafanya nini?"

Nikajibu kwa heshima zote, "Nasoma, Bwana. Mimi ni wa chuo."

Wakuu, uso wa yule mzee uling'aa! "Mashallah! Jina lako n'nani?"

"Baraka."

"Mashallah, Baraka!" Akachukua kalamu, akaniandikia tikiti nusu ya bei.

Sikuamini. Nikatoa ile kadi yangu mwenyewe kabla hajaniomba, nikamwonyesha, maana nilishaumizwa sana huko nyuma sikutaka waje kunigeuka. Nikamwambia, "Lakini Bwana, mimi mwanafunzi wa kigeni. Hili punguzo na sisi wa nje tunapata?"

Hata hakuiangalia. Akasema, "Chuo ni chuo, hata mtu atoke Ngazija. Wa mbali ndio tuwapendao zaidi."

Aisee, nilitaka kulia. Nimezunguka na hiyo kadi kila ofisi, kumbe watu wanaojua thamani ya international student wako Mtangawanda!

Nikamwonyesha nahodha tikiti yangu mbele ya abiria, nikapanda boti kifua mbele. Nilikuwa nimevaa na kofia ya kushonwa kwa mkono aliyonipa mwenye nyumba wangu kule Kizingitini, Baba Ali, baada ya kuona jua linavyonichoma utosi. Naomba mkumbuke hiyo kofia.

Boti ikaondoka. Kina mama upande wao, sisi upande wetu, magunia na madumu katikati. Na sanduku langu la barafu lenye sampuli nimelikumbatia.

Tukaenda vizuri mpaka ile sehemu ya wazi, kabla hujaingia Mkanda, ule mfereji unaopita kwenye mikoko kuelekea Lamu. Siku hiyo mawimbi yalikuwa yamechachamaa. Maji yakaanza kuingia kidogo kidogo.

Nahodha, Bwana Shee, jamaa mnene mwenye sauti nzito, akapunguza moto wa injini. Akageuka, akanitazama mimi, akaita:

"Ndoo!"

Nikatazama chini. Kweli kulikuwa na ndoo ya bluu karibu na miguu yangu, ya kuchotea maji. Nikaona ni wajibu wangu kusaidia. Nikaiokota, nikaanza kupita juu ya magunia, nimeshika ndoo kwa mikono miwili, mpaka mbele yake. Nikamnyooshea.

Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi.

"Si ndoo! Wewe ndoo!"

Mimi ndoo? Nimemkosea nini huyu mtu mpaka ananiita ndoo?

Mama mmoja akanihurumia. Akaniambia kwa Kiswahili cha kwetu sote, "Anasema njoo, mwanangu. Njoo."

Kumbe ukisikia nchi ni nti na njia ni ndia, basi na njoo ni ndoo. Boti nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, nikadhani yameisha.

Hayajaisha. Bwana Shee akasema, "Haya, mwana wa chuoni, tusomee dua. Ndia ni mbaya leo."

Wakuu.

Nilielewa yote kwa mpigo mmoja. Kwao kule, chuo ni madrasa. Mahali ninaposoma mimi wao wanapaita skuli, hata kama ni chuo kikuu na una miwani! Wana wa chuoni ni vijana wanaosafiri kutoka Ngazija kule Komoro, Msumbiji na kwingineko kuja kusoma dini, na kwenye boti hii wana tikiti yao ya punguzo, na desturi ni kwamba mmoja wao anawasomea dua abiria bahari ikichafuka.

Na mimi naitwa Baraka, nimevaa kofia, nimesema mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba ni wa chuo. Ila nyumbani kwetu Baraka ni mtoto wa kwaya.

Abiria wote wameshainua mikono. Wananisubiri mimi, na ndoo bado ninayo.

Nitakuwa mkweli kwenu. Kwa sekunde kadhaa nilifikiria kubabaisha. Nilikuwa nimeishi Kizingitini muda wa kutosha kujua neno moja mawili ya kuanzia, mengine ningemung'unya upepo ukayachukua. Lakini nikamwona bibi mmoja amefumba macho, viganja vimefunguka, midomo inamtetemeka kwa hofu. Nikasema hapana. Dua ya mtu sio kitu cha kuigiza.

Nikasema kwa sauti, "Samahani Bwana Shee. Mimi sijui dua. Mimi ni Mkristo. Chuo changu ni chuo kikuu, nasoma habari za kamba."



Mikono ikashuka mmoja mmoja. Jamaa mmoja mwenye shati la kijani akapiga kelele, "Na tikiti ya chuo amekata! Amejifanya mwana wa chuoni kwa ajili ya nauli!"

Minong'ono ikaanza. Hapo ndio nikaogopa kwelikweli, na sio mawimbi. Pate habari inatembea kuliko boti. Nilijua kabla ya Asri Kizingitini nzima itasikia kwamba yule kijana wa kupima kamba anachezea dini. Nani ataniletea tena kamba wake? Baba Ali ataniangaliaje? Tikiti ya nusu bei ilikuwa imenipatia nusu saa ya raha, na sasa inaondoka na field yangu yote.

Bwana Shee aliinua mikono akasoma dua mwenyewe, watu wakaitikia amin. Na mimi nikaitikia amin, kwa moyo wangu wote. Akaninyooshea kidole sehemu ya kukaa, nikakaa. Kwa vile ndoo ilikuwa mkononi na maji miguuni, nikaanza kuchota na kumwaga. Nilichota kama mwendawazimu, jamani. Nilikuwa sitaki kumwangalia mtu usoni.

Tulipofika Lamu, abiria wakashuka. Bwana Shee akanishika bega. "Twende kwa mwenye boti."

Mwenye boti ni mama mtu mzima, Bi Khadija, nyumba yake haiko mbali na gati. Alikuwa barazani anachambua mchele. Bwana Shee akamsimulia kila kitu, hadi habari ya ndoo, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi nimesimama na sanduku langu la barafu, jasho linanitoka.

Nikamwambia, "Bi Khadija, sikukusudia kudanganya. Kwetu chuo ni chuo kikuu. Nitaongeza nauli iliyobaki sasa hivi, na nitamwomba radhi Bwana Athumani."

Akaniuliza, "Mamako yuko wapi?"

"Mbeya."

"N'mbali?"

"Mbali sana, Bi. Ni kupanda basi, unashuka unapanda jingine."

"Na hapa una nani?"

Nikasema, "Sina mtu."

Akaendelea na mchele wake. Halafu akamgeukia Bwana Shee. "Ile tikiti marehemu babangu aliiweka kwa nini?"

Bwana Shee akasema, "Kwa wana wa chuoni."

"Aliiweka kwa mwana aliyetoka kwao kutafuta elimu na hapa hana mtu. Wa chuoni ndio walokuwa wakija wakati ule, basi tukaiita ya chuo." Akanitazama. "Huyu angebabaisha dua ya watu, ningempiga marufuku boti yangu. Hakubabaisha."

Nikashusha pumzi mpaka Bwana Shee akageuka.

"Lakini," akasema Bi Khadija, na moyo ukapanda tena, "mwana wa chuoni hulipa nusu, nusu nyingine ni dua yake. Wewe dua huna. Una nini?"

Kabla sijafungua mdomo, Bwana Shee alianza kutikisika kwa kicheko. "Ana ndoo, Bi Khadija! Wallahi kijana huyu kwa ndoo simwoni mwenzake!"

Yule mama akacheka mpaka ungo ukamponyoka. Mchele ukamwagika barazani, mimi nikapiga magoti kuuokota, huku nacheka na machozi yananitoka. Sijawahi kusikia wepesi wa mwili kama siku ile.

Ikaamuliwa hivyo. Nusu nauli, nusu ndoo, mpaka nimalize field.

Sampuli zikafika kwenye friji. Nikarudi Kizingitini na roho juu juu, nikakuta habari imeshanitangulia, kama nilivyojua. Baba Ali akanipokea mlangoni amekunja uso. Akasema, "Nasikia waitwa Ndoo siku hizi." Halafu akashindwa kujizuia. Wavuvi wakaendelea kuniletea kamba, na wengine waliokuwa hawaleti wakaanza kuleta, wapate tu kumwona huyo Ndoo mwenyewe.

Field nimeimaliza, wakuu. Ripoti imepita.

Ninachowaambia wenzangu mnaosoma ugenini: punguzo lipo sehemu nyingi, ulizeni bila aibu. Ila ukipewa kirahisi mno, uliza pia wamekupa kama nani. Kiswahili ni kimoja, lakini neno ulilokua nalo unaweza kulikuta mahali lina kwao kwingine. Na ukishagundua umeeleweka vibaya, sema hapo hapo, hata kama umesimama na ndoo mbele ya watu.

Safari yangu ya mwisho bahari ilikuwa shwari kabisa. Nimekaa nimelala nusu. Nikasikia Bwana Shee anaita, "Ndoo!"

Nikakurupuka, nikaikamata ile ya bluu, nikaruka magunia mpaka kwake.

Amekaa na yule jamaa wa shati la kijani, katikati yao sahani ya wali na samaki wa kukaanga. Wakanisogezea nafasi.

"Weka ndoo chini," akasema. "Nimekwita wewe. Ndoo tule."

Haya, na nyie mliowahi kuponzwa na neno ugenini, shusheni yenu hapa chini tucheke wote. Watu wa Lamu mliomo humu, nikosoeni Kiamu changu taratibu, mimi bado mgeni.