Betri Haijapumzika

Walimwita Fundi Pumzisha, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake. Betri ikitoka kwenye chaja, hakuruhusu mtu aipime papo hapo. "Ipumzishe kwanza. Saa hizi ni kama mlevi, inajisifia nguvu isiyo nayo."

Siku ile hakuipumzisha.

Shemeji yake, nahodha, alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana akigongagonga saa yake. Dinamo ya boti ilikuwa mezani, vipande vipande, kwa hiyo betri zisingepata chaji njiani. Na boti yenyewe ilikuwa kuukuu, inavuja. Pampu ya kutoa maji ikisimama, imekwisha.

"Shemeji, hesabu yako ndefu kuliko safari! Hizi mbili zitatufikisha?"

Haraka haina baraka: methali tunayoifundisha shuleni na kuivunja kila asubuhi. Fundi aligusisha waya za mita. Namba ikaja nzuri. Akajumlisha ulaji wa pampu na wa redio, akagawa, akakata nusu kama kawaida yake, maana betri haikamuliwi mpaka tone la mwisho.

"Zitafika, na chaji itabaki."

"Baba Watoto kasema, mimi nakaa mbele!" alicheka mkewe, aliyekuwa akienda ng'ambo kumwona mama yake mgonjwa.

Boti ikaondoka. Kwenye benchi ilibaki betri ya tatu, iliyonunuliwa na kuchajiwa pamoja na zile mbili. Saa kadhaa baadaye Fundi akanywa chai, kisha akaipima, sasa imeshapumzika, mazoea tu.

Namba ilikuwa imeporomoka. Akabadilisha mita. Ni ileile.

Akakimbilia redio ya ofisi ya gati. "Shemeji, geuza!"

"Nyuma ni mbali kuliko mbele." Nahodha hakuwa na mzaha tena. "Na pampu imeanza kukoroma."

Sauti ya mkewe ikaingia. "Baba Watoto, kuna nini?"

Alikuwa na mengi ya kumwambia. Lakini redio ilikula betri zilezile, na kila neno lake lilikuwa linamwongezea mkewe maji miguuni.

"Shikeni ndoo. Zimeni kila kitu isipokuwa pampu. Hata hii redio."

"Tutakuitaje?"

"Msiniite."

Redio ikakatika. Karani wa gati akamuuliza wanaendeleaje. Kimya kile cha redio Fundi alikiomba mwenyewe, na hakikuwa na namna ya kumwambia kama wametii au wamezama.