Tairi za Mbele Zilikuwa Zangu

Mume wangu Stambuli ni mtu wa haki mpaka anakera. Akienda sokoni Malindi kununua leso, hununua doti mbili za rangi moja na jina moja: moja yangu, moja ya mke mwenzangu Sahla kule Mambrui. Akipewa samaki, humpasua katikati na mkia akautupia paka, asije mmoja wetu akasema kapewa mkia. Na tukiwa sote wawili mbele yake, siku ya Idi au msibani, hamwamkui mtu. Hutazama sakafu, akasema "Hamjambo," basi. Majirani wanamsifu. Mie nilikuwa nikingoja jambo moja tu maishani: anitazame mimi kwanza, mara moja tu, na Sahla awepo aone.

Kazi yake ni ufundi wa magari, gereji yake iko karibu na Kisumu Ndogo. Ukitaka kumwudhi, mpelekee gari lenye tairi za namna mbili, mbele hivi na nyuma vile. Atakukaripia mpaka uone haya. "Umelivalisha kandambili huku na buti kule," husema, "halafu wataka litembee?" Na ana gari lake la mashindano, Starlet nyekundu kuukuu, kaling'oa viti na kulitia vyuma ndani. Kila yakifanyika mashindano kwenye shamba la zamani la mkonge upande wa Kilifi, huyoo. Hatafuni miraa, hakai barazani kusengenya. Raha yake ni hiyo tu.

Na Starlet sikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa na Sahla. Sahla huuza katika duka la vipuri la mjomba wake, na yeye na Stambuli walijuana, ati, kwa sababu ya pampu ya maji ya gari aliyokwenda kununua. Mie napamba maharusi, hina na singo ya kusugulia mwili, mkono wangu unajulikana hadi Magarini. Lakini Stambuli akija kwangu anakula, ananyamaza, analala. Akienda kwa Sahla wanazungumza gia na breki mpaka chai inapoa. Nani kaniambia? Sahla mwenyewe, tena anatabasamu. "Shikamoo da Shekha. Jana mzee kazungumza huyo!" Nikaitika marahaba.

Msimu ulipokaribia kwisha Stambuli alikuwa anaongoza, limebaki shindano moja tu, na tairi za Starlet zimekuwa upara mtupu. Nikaona, hapa ndipo pangu. Nikapeleka bangili zangu za harusi kwa sonara, kisha nikaenda kwa Mtaliano mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Alikuwa na tairi za mashindano, mpira wake laini, ukiubonyeza kidole gumba kinazama. Zilibaki mbili tu. Nikazichukua hizo hizo, nikazipakia tuktuk, nikaketi nazo bega kwa bega hadi gereji.

Stambuli alizipapasa, akazinusa, akatabasamu peke yake. "Mama Swafwan," akasema, "umezipata wapi hizi?" Wallahi, tangu nimzae huyo Swafwan sijaitwa kwa sauti ile. Nilitoka pale sikanyagi chini.

Furaha yangu haikulala. Kesho yake Sahla akaja na pikipiki kutoka Mambrui, na tairi mbili nyuma yake. Za matope, meno makubwa, mpira mgumu. Shindano lililopita mvua ilinyesha na magari yakazama, basi ati kamtafutia mumewe za matope. Mie siamini. Kambi, rafiki wa Stambuli, mdomo wake hauna kufuli, na bila shaka habari za tairi zangu zilifika Mambrui kabla sijafika nyumbani kwangu.

"Funga nne za namna moja," Kambi akamwambia, "hata za kuazima. Gari halijui kama una wake wawili, ndugu yangu."

Stambuli alijua hilo kuliko Kambi. Akakaa kwenye kigoda akizitazama zile tairi nne, jasho linamtoka. "Zangu zilifika kwanza," nikasema. Sahla akainamisha kichwa kwa adabu. "Mie sina neno, mume wangu. Ukiona zangu hazifai, nizirudishe tu dukani." Mjanja yule! Nami nikadakia, basi na zangu nirudishie. Maskini wa Mungu akashika spana akafunga zote, zangu mbele, zake nyuma. Mtu aliyewakaripia madereva wa Malindi nzima!

Mie niliridhika. Mbele ni mbele. Ndiko injini inakovuta, ndiko taa ziliko, na ndiko watu wanakotazama. Sikuacha kumkumbusha Sahla.

Siku ya mashindano jua lilikuwa la kuchoma, hakuna dalili ya mvua, udongo umekauka umekuwa kama sakafu. Tuliketi chini ya turubai moja. Siku ile ilikuwa zamu ya Sahla, kwa hiyo chakula kapika yeye, na alinikaribisha kama mgeni. Nilikula nimenuna. Mahamri yake yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo, na hilo lilinizidishia hasira.

Starlet ikaondoka. Kona ya kwanza pua ilishika ardhi ikageuka bila taabu. Nikasimama nikapiga vigelegele. "Tairi zangu hizo!" Lakini nyuma kulikuwa kunayumba. Yale meno makubwa hayakupata matope ya kuuma, yakawa yateleza juu ya ule udongo mgumu. Kila kona mbele kunashika, nyuma kunatoroka. Nikacheka, jamani, nikacheka sana.

"Tazama zako, Sahla. Zataka kurudi Mambrui."

Sahla hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa ameuma pembe ya mtandio wake. "Da Shekha, ubaya si wa zangu wala zako," akasema. "Haziendi pamoja. Atapinduka."

Kona ya mwisho Stambuli aliingia kwa kasi, mkia ukaanza kukimbia, akaondoa mguu kwenye mafuta. Hapo ndipo mkia ulipotaka kutangulia. Gari likaenda ubavu, likajikwaa kwenye ukingo, likabingiria, likatua juu ya paa katikati ya mikonge.

Tulikimbia sote wawili. Kiatu changu kimoja kilibaki huko huko. Tulipofika, Kambi na wenzake walikuwa wamekwisha mtoa. Mkono umevunjika, damu usoni, lakini yu hai, alhamdulillahi, anaitukana mikonge. Wakamlaza kwenye machela, na muuguzi wa gari la wagonjwa akauliza, "Mkewe ni nani? Nafasi ni ya mtu mmoja tu."

"Mimi," tukasema, sauti zetu zikagongana.

Stambuli alikuwa kalala chali, hana sakafu ya kutazama. Akafumba macho.

Lo! Mtu mkono umening'inia, na bado anaogopa kumtazama mmoja wetu. Nikaona kwamba angekufa hivyo hivyo, macho yamefumbwa, na sisi tumesimama pale tunagombea mlango.

"Panda," nikamwambia Sahla. "Zamu ni yako."

"Lakini mkubwa ni wewe, da Shekha."

"Nimesema panda, kabla sijageuza nia!"

Gari lilipoondoka niliketi mchangani nikalia. Msidhani nililia kwa huruma tu. Nililia kwa wivu, maana mkono ulioshika mkono wake mle ndani haukuwa wangu. Nilipomaliza nikajifuta kwa leso, nikamwita Kambi. Starlet ilikuwa bado miguu juu.

"Lete spana. Zitoe zangu."

"Shemeji, hizo ndizo nzuri."

"Najua ni nzuri, nilizinunua mie! Zitoe. Mwambie Sahla amtafutie nne za namna moja. Yeye ndiye ajuaye."

Kesho yake ilikuwa zamu yangu. Nikaenda hospitali na chupa ya uji. Sahla hakuwa ameondoka bado, kaketi kando ya kitanda, macho mekundu kwa kukesha. Kambi alikuwa amekwisha pita, na kwa mdomo ule sikuhitaji kuuliza kama habari za tairi zimefika. Nikasimama karibu na Sahla nikangoja ile "Hamjambo" ya sakafuni.

Stambuli akainua kichwa, akanitazama mimi. "Mama Swafwan," akasema, "umekuja." Ndipo akamgeukia Sahla.

Nami niligeuka upesi, kutazama kama Sahla kaona. Kaona. Basi nikammiminia na yeye kikombe cha uji.