Alama Nyekundu

Anayetufundisha magobori hapa Kentucky hasalimii mgeni kabla hajatumbukiza fimbo ya kushindilia kwenye mtutu wa gobori la mgeni huyo. Ikizama yote, gobori ni tupu. Ikigota kwenye alama nyekundu iliyochorwa juu yake, lina risasi. "Hata mama'ko akikuapia ni tupu," hunguruma, vidole vyeusi kwa masizi, "amini fimbo!" Jana kwake, mvua ikinyesha, nililishusha ukutani gobori la marehemu mkewe, nikapima. Fimbo ikagota kwenye nyekundu.

"Mzee, hili limejaa!"

"Najua. Alilijaza Odessa mwenyewe."

"Si tukalifyatue nje?"

Akalichukua, akafuta alama za vidole vyangu.

"Kitambaa kilichofunga risasi hiyo alikilowesha kwa mate yake," akasema, akalirudisha ukutani.