Rovu la Mdogo Wangu

Naandika nikijua kumbukumbu yangu si ya kuaminika sana. Nilikuwa tarishi katika hospitali moja ya Dodoma, elimu yangu darasa la saba. Siku moja nilipeleka faili kwa daktari wa upasuaji aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni nje, nikamkuta akifundisha wanafunzi. Alisema huko nje wameanza kutoa rovu bila kupasua shingo. Wanatoboa kwapani, wanaingiza mrija mwembamba wenye kamera, wanafanya kazi wakitazama televisheni. Akasaini faili, nikatoka. Somo liliendelea nyuma yangu.

Mdogo wangu wa kike alikuwa na rovu, tezi ya shingo imemvimba. Alikuwa dalali wa mahindi Kibaigwa, miaka ile ya soko huria, kila mwenye lori alipokuwa mnunuzi. Alipanda juu ya magunia na sauti yake iliwafikia madereva ng'ambo ya barabara. Jirani yake mmoja alipasuliwa shingo akarudi na sauti ya mkwaruzo, basi mdogo wangu akaapa kisu hakitamgusa.

Nikampelekea habari. "Wanapitia kwapani. Shingo haiguswi, sauti inabaki."

Hayo ya sauti niliyaongeza mimi. Sikuona kama ni uongo. Shingo isipoguswa, sauti itadhurikaje?

"Na huo mrija utafika lini Dodoma?"

"Utafika. Siku hizi kitu gani hakiingii?"

"Kweli, hata chupi za mitumba zimeingia," akacheka. "Basi nasubiri."

Akasubiri mavuno mawili. Rovu likakua. Akawa analala ameketi, na akimeza ugali anainua kidevu kama kuku anayekunywa maji. Mimi nilipita mlangoni kwa daktari yule karibu kila siku, na kila siku nilisema kesho nitamuuliza. Kwetu mkubwa akishasema, kumrudia na swali ni kama kumwambia hakusema vizuri. Ndiyo sababu niliyojipa. Nadhani pia niliogopa kuonekana sijui. Nilikuwa nazunguka na mafaili, natoka ofisi hii naingia ile, hata pasipo na haraka.

Mwishowe mdogo wangu alikuja hospitali mwenyewe, pumzi zikipiga mluzi. Daktari akamwingiza kioo kidogo kooni, akamwambia aseme "iii".

"Nyuzi za sauti zote mbili zinacheza. Lakini rovu linabana njia ya hewa, mama. Ulikuwa wapi siku zote?"

"Nasubiri mrija. Wa kwapani."

"Nani kakwambia?"

Akanigeukia. Nikasema ni mimi.

Daktari hakukasirika, lazima niliseme hilo. "Njia hiyo ipo huko, kwa marovu madogo. Inasaidia kuficha kovu. Mshipa wa fahamu wa sauti uko palepale nyuma ya tezi, uingie kwa mlango wowote."

"Siku ile ya wanafunzi ulilisema hilo, daktari?" nikauliza.

"Huwa nalisema mwishoni."

Alipasuliwa shingo, kwenye mkunjo wa ngozi. Kesho yake daktari akamwambia ataje jina lake. Ilitoka pumzi tupu. Daktari akatueleza kwamba rovu lilikuwa limeuvuta ule mshipa. Huenda tungewahi ingekuwa rahisi, huenda isingekuwa. Naziandika huenda zote mbili kwa sababu alizitamka zote mbili.

Baada ya miezi kadhaa sauti ilirudi kiasi. Anaongea, analala chali, anakula bila shida. Kupaza hawezi. Siku aliyorudi sokoni nilimsindikiza, nikapanda magunia nimwitie wanunuzi.

"Kaka, shuka," akasema. "Unalia kama umeibiwa."

Akaanza kwenda mwenyewe lori kwa lori, anashika mlango, dereva anainama kumsikiliza. Wengine walikuwa wanamwacha, wanamfuata dalali anayepiga kelele. Niliyaona hayo kwa macho yangu. Wengine waliinama.

Nikamfuata katikati ya malori. Nikamuuliza kama ananichukia. Alijibu kitu, lakini injini ilikuwa inanguruma na midomo tu ndiyo niliyoiona. Nikamwomba arudie.

Akaja karibu na sikio langu. "Nimesema lori hilo linataka kuondoka. Nipishe njia."

Nikampisha.