Habari Iko Baada ya Ila

Majirani zangu wa Miyuji wanajua nafanya kazi hospitali, basi. Mtoto akikohoa, mama yake ananigongea mlango nimwangalie koo. Nimeshachoka kuwaeleza kwamba mimi si daktari wala nesi, ni mtu wa madai. Daktari akishaandika mgonjwa anaumwa nini na anataka kipimo gani, nayageuza maneno yake kuwa namba ambazo bima inazielewa. Kila maradhi yana namba yake. Kuumwa kichwa tu kuna namba yake, na kuumia kichwa kwa kugongwa kuna nyingine. Ukienda na ya kwanza utarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na ukienda na ya pili utapigwa picha. Nikimaliza maelezo hayo, yule mama ananiambia, "Sawa, lakini hebu mwangalie koo." Namwangalia.

Picha ninayoisema ni CT ya kichwa. Ile mashine inaonyesha ndani ya fuvu kipande kwa kipande, kama mkate uliokatwa. Ni kipimo cha gharama, kwa hiyo bima haitoi kibali mpaka ipewe sababu. Nami siruhusiwi kuwapa sababu ambayo daktari hakuiandika, hata kama naiona kwa macho yangu imekaa kwenye benchi. Kanuni hiyo naiheshimu, ingawa kuna siku inanichefua.

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ilikuwa ya kiangazi, upepo wetu wa Dodoma ukimwaga vumbi mpaka kwenye kibodi. Mama mmoja mtu mzima aliingia ofisini amemshika mumewe mkono. Walitoka kijiji kimoja huko mbele ya Kibaigwa, na binti yao mwalimu ndiye aliyewaandikisha kwenye bima yake. Mzee alikuwa mrefu, nguo zake zimepigwa pasi, kimya. Aliketi akaanza kuutabasamia ukuta.

Nikasoma karatasi waliyokuja nayo. Daktari wao, kijana mpole aliyekuwa na foleni ya kutisha asubuhi ile, alikuwa ameomba CT ya kichwa, na kwenye sababu ameandika: kichwa kinauma, hali ya jumla nzuri. Nikajua hapa tutakwama. Nililituma ombi kama lilivyo, kisha nikamtumia daktari ujumbe apite ofisini akipata nafasi. Kabla hajaja, simu ya mama ikalia.

Watu wa bima wana kawaida ya kumpigia mgonjwa au mtu wake, wahakikishe yupo kweli na si mtu aliyeazimwa kadi. Mama akaweka sauti ya juu kama wanavyofanya wazee wetu, ofisi nzima ikasikia.

"Shikamoo mama. Napiga kutoka bima." Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume.

"Marahaba mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Na huko kwenu wazima?"

"Wazima. Kwa hiyo mzee hajambo?"

"Hajambo kabisa. Watoto wako wanasoma?"

"Wanasoma mama. Haya, asante sana."

Akakata. Hata kikombe changu cha chai hakijapoa, jibu likatokea kwenye kompyuta: kibali kimekataliwa, hali ya mgonjwa ni nzuri.

Kwanza nilicheka. Halafu nikakasirika, na mimi nikikasirika huwa naongea na kompyuta. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yule mama hakuficha kitu. Alikuwa anasalimiana! Mimi nimezaliwa Ihumwa, najua. Kwetu huwezi kumrushia mtu matatizo usoni kabla hujamjulia hali. Bibi yangu aliwahi kumpokea mgeni kwa "hatujambo, wazima wote," akampa kigoda, akampa maji, akamuuliza habari za mvua huko atokako, ndipo akasema, "Ila babu yenu tumemzika juzi." Habari iko baada ya ila. Ukikata simu kabla ya ila, umeongea na mlango tu, nyumbani hujaingia.

Mama alikuwa ameshaanza kufunga furushi lake. "Twende zetu," akamwambia mumewe kwa Kigogo, "yule kijana amesema asante." Walitaka kuwahi basi la mchana. Nikamtazama mzee akijaribu kuvaa kofia. Mkono wa kulia ulipanda mpaka begani ukaishia hapo, akamalizia na wa kushoto, huku bado anautabasamia ukuta. Niliogopa. Niliona wazi kwamba akipanda lile basi, huenda safari nyingine ya kuja mjini isiwepo.

"Mama, kaa kwanza," nikamwambia. "Hatujamaliza kusalimiana."

Akakaa. Hakuna mzee wa kwetu anayeweza kukataa neno hilo.

Bahati nzuri daktari akatokea mlangoni. Nikamsimulia ile simu. Akajishika kiuno akacheka. "Mama yangu mzazi yuko hivyo hivyo," akasema. "Asubuhi sikumpa muda." Akavuta kiti, akakaa mbele ya yule mama, akaanza upya kana kwamba hana foleni nje.

"Shikamoo mama. Habari za nyumbani?"

"Marahaba baba. Nzuri."

"Mvua zilikuwaje?"

"Zilichelewa, ila uwele haukutuangusha."

Niliposikia hiyo ila nikaruka kwenye kiti, kumbe ni ya uwele. Wakaenda kwa ng'ombe, wakaenda kwa wajukuu, wakafika mpaka kwa mchungaji wa kanisa lao. Mimi huku jasho linanitoka, naangalia saa ya basi.

"Na mzee je?" daktari akauliza taratibu.

"Mzee naye hajambo." Mama akanyoosha kanga yake magotini. "Ila siku hizi tonge linamdondoka. Tena ng'ombe wake anamwita kwa jina la marehemu dada yake. Na kichwa ndiyo hivyo, hakijaacha kuuma tangu lile gunia."

"Gunia gani, mama?"

"La mahindi. Lilimwangukia kichwani sokoni Kibaigwa, wakipakia lori. Lakini aliinuka mwenyewe, akasema hajambo."

Daktari hakuwa anacheka tena. Alimwambia mzee anyooshe mikono yote miwili mbele na kufumba macho. Wa kulia ukashuka wenyewe polepole. Akampima pale pale, akaandika upya: gunia, mkono, kusahau, vyote. Safari hii namba zilikuwa za kuumia kichwa, na kila moja ilikuwa na neno la daktari nyuma yake. Nikampigia kijana wa bima nikamweleza yote, mpaka habari ya ila.

"Dada, mimi ni mtu wa Singida, jirani zenu hapo," akasema. "Sasa mimi wa kushindwa kungoja ila?" Kibali kikaingia kabla sijaweka simu chini.

Picha ilionyesha damu iliyokuwa ikivujia chini ya fuvu tangu siku ile ya gunia, ikiusukuma ubongo pembeni taratibu. Walimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Basi la Kibaigwa liliondoka bila wao.

Baada ya siku kadhaa nilipanda wodini. Si kazi yangu kwenda huko, lakini nilikuwa nashindwa kula vizuri. Nilimkuta mzee amekaa kitandani, kichwa kimefungwa bandeji, sahani mapajani, mkewe pembeni. Alikuwa anakata tonge kwa mkono wa kulia. Akalichovya kwenye mlenda, likafika mdomoni salama.

"Shikamoo mzee. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Vizuri kabisa."

Nikangoja. Akaniuliza habari za nyumbani, nikamwambia nzuri. Akauliza kwetu ni wapi, nikamwambia Ihumwa; akauliza kama tumevuna, nikamwambia kidogo. Mkewe alishaelewa ninachongoja, akaziba mdomo kwa kanga.

"Ila," mzee akasema, nami nikamsogelea.

"Ila nini, baba?"

Akaitazama sahani, akamtazama mkewe, akainama akaninong'oneza: "Huu mlenda wao hauna chumvi."

Nikamwambia hilo halina namba, bima haitanielewa. Kesho yake nilimletea wa nyumbani.